Edmond Becquerel: Kijana aliyegundua umeme ndani ya mwanga wa jua

KILA asubuhi jua linapozipiga paneli zilizowekwa juu ya mabati huko Turkana, Kitui au Kwale, tendo la kimya huanza ndani ya vioo hivyo. Mwanga hugeuka kuwa umeme. Hakuna moto unaowashwa, hakuna injini inayonguruma wala moshi unaofuka. Mtu wa kwanza kulibaini tendo hilo na kuliandika kisayansi alikuwa Mfaransa wa umri wa miaka 19, Alexandre-Edmond Becquerel, mwaka wa 1839.

Hata hivyo, jina lake halivumi. Jina Becquerel lililoandikwa kwenye Mnara wa Eiffel jijini Paris, miongoni mwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa, ni la babake, Antoine César. Jina Becquerel linalotumiwa na wanasayansi kote duniani kama kipimo cha unururifu ni la mwanawe, Henri, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka wa 1903. Edmond, aliyekuwa katikati ya wawili hao, ameachwa kivulini.

Lakini katika maabara ambako watafiti wanasaka malighafi ya kizazi kipya cha seli za sola, kazi ya Edmond ingali hai. Tatizo linalowasumbua leo ndilo lililomsumbua yeye maisha yake yote: vitu vinavyouitikia mwanga kwa wepesi mno, mara nyingi ndivyo vinavyoharibiwa haraka na mwanga huohuo.

Malezi ya maabara

Becquerel alizaliwa jijini Paris mnamo Machi 24, 1820. Babake alikuwa mhandisi wa jeshi aliyepigana nchini Uhispania enzi za Napoleon, kabla ya kuliacha jeshi na kujitosa katika sayansi. Mzee huyo alijijengea sifa katika uchunguzi wa uhusiano uliopo kati ya umeme na mabadiliko ya kemikali, na mwaka wa 1837 shirika la wanasayansi la Uingereza, Royal Society, likamtunuku Nishani ya Copley.

Mwaka uliofuata, alikabidhiwa wadhifa mpya wa profesa wa fizikia katika Makavazi ya Kitaifa ya Historia ya Maumbile. Taasisi hiyo kongwe imo ndani ya bustani ya mimea iitwayo Jardin des Plantes, kando ya Mto Seine.

Wakati huo Edmond alikuwa na umri wa miaka 18. Alikuwa amekubaliwa katika vyuo viwili vilivyowaniwa na vijana werevu zaidi wa Ufaransa, École Polytechnique na École Normale Supérieure. Alivikataa vyote viwili. Badala yake, aliamua kuwa msaidizi katika maabara ya babake.

Huenda wengi waliuona uamuzi huo kama wa kuchezea bahati. Lakini waliotangulia walisema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Katika maabara ile kijana alipata vifaa ambavyo mwanafunzi wa kawaida angevisikia tu darasani, na mwalimu aliyeandamana naye kuanzia asubuhi hadi jioni. Jambo muhimu zaidi, alijifunza kupima mikondo ya umeme iliyo hafifu mno, ujuzi ambao watu wachache sana walikuwa nao siku hizo.

Jaribio la 1839

Mwaka wa 1839, jiji la Paris lilijaa mazungumzo kuhusu mwanga. Mnamo Agosti 19, mwanaastronomia François Arago alifichua hadharani, katika kikao cha Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, siri ya Louis Daguerre ya kunasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha. Watu walistaajabu kwamba mwanga pekee, bila mkono wa mchoraji, uliweza kuacha sura ya kitu juu ya chuma.

Becquerel aliliangalia jambo hilo kwa jicho tofauti. Ilijulikana kwamba mwanga hubadilisha baadhi ya kemikali, hususan zile za madini ya fedha. Babake naye alikuwa ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mabadiliko ya kemikali huandamana na umeme. Ikiwa mambo hayo mawili ni kweli, kijana aliwaza, basi yapasa mwanga uweze kuzaa umeme, na umeme huo uweze kupimwa.

Mtambo aliounda ulikuwa sahili. Alichukua kisanduku kilichotiwa weusi, akakigawa sehemu mbili kwa utando mwembamba na kukijaza maji yenye asidi. Ndani yake alitumbukiza vibamba viwili vya platinamu vilivyopakwa kloridi ya fedha au bromidi ya fedha, kemikali zilezile zilizohusiana na upigaji picha. Kisha akaviunganisha vibamba hivyo kwa nyaya hadi kwenye galvanomita, kifaa chenye sindano inayosogea umeme unapopita.

Kibamba kimoja kiliachwa gizani na kingine kikafunuliwa kwa jua. Sindano ikasogea. Alipouziba mwanga, mkondo ulififia.

Kijana huyo hakutosheka na kuona tu. Alitaka kujua ni sehemu gani ya mwanga iliyofanya kazi hiyo. Alipoupitisha mwanga kwenye vioo vya rangi mbalimbali, aligundua kwamba miale ya buluu na urujuani, pamoja na ile isiyoonekana na jicho iliyo mbele ya urujuani, ndiyo iliyotoa umeme mwingi zaidi. Miale myekundu ilitoa kidogo sana.

Matokeo hayo yalikuwa na uzito. Ingalikuwa joto la jua ndilo linalosukuma umeme, miale myekundu isingeshindwa na ya buluu, kwa maana upande wa wekundu ndio wenye kupasha joto zaidi. Ilidhihirika kwamba mwanga wenyewe, wala si joto lake, ndio uliokuwa ukitenda. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la Akademia ya Sayansi. Hadi leo wanafizikia huliita tukio hilo athari ya Becquerel.

Ni rahisi kwa mtu wa leo kudhani kwamba kijana huyo alitoka maabarani akishangilia kuwa amepata chanzo kipya cha kawi. Sivyo. Umeme aliopata ulikuwa hafifu mno. Hapakuwa na nyumba iliyowashwa taa za stima, hapakuwa na mitambo ya kuzalisha umeme kwa wingi, na elektroni, ile chembe inayobeba umeme, ingegunduliwa mwaka wa 1897, wakati Becquerel alikuwa kaburini kwa miaka sita.

Yeye alichokiona ni kipimo. Kabla yake, kulinganisha nguvu za mwanga kulitegemea zaidi macho ya mtazamaji, nayo macho hudanganya. Sasa mwanga uliweza kusomwa kwa sindano, kwa hesabu. Aliunda kifaa cha kupima mwanga kwa njia hiyo, na mwaka wa 1840 akahitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Paris.

Rangi zilizokataa kukaa

Kutoka hapo, Becquerel hakuziacha tena chumvi za fedha. Mwaka wa 1840 alibaini kwamba bamba la picha likishapigwa na mwanga wa kawaida kwa muda mfupi, miale myekundu na ya manjano ambayo haikuwa na nguvu juu yake hapo awali huweza sasa kuendeleza kazi iliyoanzishwa. Kutokana na ugunduzi huo wapiga picha walipata njia ya kuikuza picha ya Daguerre kwa kuiweka chini ya kioo chenye rangi, bila kutumia mvuke wa zebaki ambao ni sumu.

Miaka miwili baadaye, alipiga picha ya mwanga wa jua uliotawanywa katika rangi zake, ikiwa pamoja na mistari myeusi iliyochunguzwa na Mjerumani Joseph von Fraunhofer. Bamba lake lilionyesha mistari kama hiyo hata katika eneo ambalo jicho la binadamu halioni chochote.

Kisha ukaja mwaka wa 1848, mwaka ambao Ufaransa ilimng'oa mfalme wake na kutangaza jamhuri. Becquerel alichukua bamba la fedha, akalitia ndani ya asidi ya haidrokloriki na kupitisha umeme hadi likafunikwa na tabaka jembamba la kloridi ya fedha. Alipolielekezea mwanga uliotawanywa, rangi zilianza kujichora zenyewe: wekundu mahali pa wekundu, kijani mahali pa kijani, buluu mahali pa buluu. Hizo zilikuwa miongoni mwa picha za kwanza za rangi kuwahi kupigwa duniani.

Furaha hiyo ilikuwa na dosari kubwa. Rangi zile hazikukubali kuthibitishwa. Kemikali ambazo wapiga picha walitumia kuzuia picha isiendelee kubadilika, zilizifuta rangi papo hapo. Na picha ikiachwa hivihivi ilikuwa imo hatarini kila inapotazamwa, maana mwanga wa kuitazamia ndio uliokuwa ukiiharibu. Pamoja na ustadi wake wote, Becquerel hakufaulu kulitatua fumbo hilo.

Hata sababu ya rangi hizo kutokea ilibaki kitendawili kwa zaidi ya miaka 170. Ni mwaka wa 2020 ambapo watafiti nchini Ufaransa, wakitumia darubini za elektroni, walionyesha kwamba ndani ya tabaka la kloridi mna chembechembe za madini ya fedha zilizo ndogo kupindukia. Mwanga wa kila rangi hupanga upya ukubwa na mtawanyiko wa chembechembe hizo, na mpangilio huo ndio unaorudisha rangi ileile machoni.

Saa ya kupima mng'ao

Swali lililomtawala Becquerel katika umri wake wa makamo lilikuwa la aina nyingine. Kitu kinapopigwa na mwanga, nini hufanyika baada ya mwanga huo kuondolewa? Kuna mawe na chumvi ambazo huendelea kung'aa gizani kwa dakika au saa kadhaa. Kuna vingine ambavyo mng'ao wake huonekana kukatika pindi mwanga unapozimwa. Je, hukatika kweli, au hudumu kwa muda mfupi mno usioweza kunaswa na jicho?

Mwishoni mwa miaka ya 1850 alibuni kifaa cha kulijibu swali hilo, akakiita fosforoskopu. Ndani ya ngoma iliyofungwa kulikuwa na visahani viwili vyenye matundu, vilivyozungushwa pamoja kwa kasi. Matundu ya kisahani kimoja hayakulingana na ya kingine. Kitu kinachochunguzwa kiliwekwa katikati. Mwanga ulikipiga kupitia tundu la upande mmoja, ukazibwa, kisha mara moja tundu la upande wa pili likamfungulia mtazamaji. Kwa kuongeza au kupunguza kasi, Becquerel alijua ni muda gani hasa umepita tangu mwanga uzimwe, hata muda ulio mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Kwa kifaa hicho, vitu chungu nzima vilivyodhaniwa kuwa havina mng'ao wowote vilionekana vikiwaka gizani. Alipima jinsi mng'ao wa kila kimoja unavyofifia, na akaonyesha kwamba tofauti iliyodhaniwa kuwepo kati ya mng'ao wa papo kwa papo na ule wa kudumu ilikuwa, kwa vitu vingi alivyovichunguza, ni ya muda tu. Miongoni mwa vitu vilivyomvutia zaidi ni chumvi za urani, ambazo mng'ao wake ulikuwa mkali na mfupi.

Aidha, alichunguza mirija ya glasi yenye gesi hafifu ambayo huwaka umeme unapopitishwa, akaweka ndani yake kemikali zenye kung'aa ili kuongeza mwanga wake. Wazo hilo lilikuja kuzaa matunda katika karne ya 20, wakati taa za mirija zilizopakwa unga unaong'aa zilipoenea madukani, maofisini na mashuleni.

Utafiti huo wote aliukusanya katika kitabu cha juzuu mbili kuhusu mwanga, asili yake na athari zake, kilichochapishwa kati ya mwaka wa 1867 na 1868. Kufikia wakati huo alikuwa tayari mwanachama wa Akademia ya Sayansi, heshima aliyoipata mwaka wa 1863.

Mwalimu wa mafundi

Itakuwa kosa kumtazama Becquerel kama mtu aliyejifungia maabarani. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ya kufundisha. Baada ya kuhudumu kwa muda katika taasisi ya kilimo iliyokuwa mjini Versailles, aliteuliwa mapema miaka ya 1850 kuwa profesa wa fizikia katika Conservatoire des Arts et Métiers jijini Paris. Alihusiana na taasisi hiyo kwa takriban miaka 40.

Taasisi hiyo haikuwa chuo cha watoto wa mabwanyenye. Ilianzishwa mwaka wa 1794, wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, ili kuwapa mafundi na watu wa viwandani maarifa ya mashine. Kuanzia mwaka wa 1819 ilitoa mihadhara kwa umma bila malipo. Hakuna aliyedaiwa karo wala kuulizwa vyeti mlangoni. Fundi aliyeshinda karakanani mchana kutwa aliweza kuketi ukumbini na kumsikiliza profesa akieleza jinsi umeme, joto na mwanga vinavyofanya kazi.

Kwa mtafiti aliyezoea vipimo vya sehemu ndogo za sekunde, hadhira kama hiyo ilidai lugha nyingine. Fizikia iliyofundishwa hapo ilikuwa ile inayoingia viwandani: upakaji wa madini kwa njia ya umeme, upimaji wa joto la tanuri, betri, taa. Becquerel mwenyewe alikuwa amefanya utafiti katika mengi ya mambo hayo. Alipima nguvu za betri za aina mbalimbali, alithibitisha kanuni ya James Joule kuhusu joto linalozalishwa na umeme ndani ya waya, na alitafuta njia ya kupima joto kali kwa kutumia nyaya za madini tofauti zilizounganishwa.

Vilevile alichunguza sumaku. Alionyesha kwamba gesi ya oksijeni, ambayo wengi waliidhania kuwa haina uhusiano wowote na sumaku, huvutwa nayo. Mwingereza Michael Faraday alikuwa akilifuatilia jambo hilohilo kwa upande wake.

Pamoja na babake aliandika vitabu vya kufundishia, vikiwemo kimoja kuhusu fizikia ya ardhi na hali ya hewa kilichotoka mwaka wa 1847, na kingine cha juzuu tatu kuhusu umeme na sumaku kilichotoka katikati ya miaka ya 1850. Mzee alipoaga dunia mwaka wa 1878, Edmond alirithi wadhifa wake wa profesa katika Makavazi. Msaidizi wake katika maabara hiyo akawa mwanawe mwenyewe, Henri.

Chumvi za baba, ugunduzi wa mwana

Edmond Becquerel alifariki jijini Paris mnamo Mei 11, 1891, akiwa na umri wa miaka 71. Alichomwachia Henri hakikuwa cheo pekee. Kulikuwa na maarifa ya nusu karne kuhusu vitu vinavyong'aa, na mazoea ya kutumia chumvi za urani katika maabara hiyo.

Mapema mwaka wa 1896, baada ya Wilhelm Röntgen kutangaza ugunduzi wa eksirei, Henri alishuku kwamba huenda miale hiyo ya ajabu inahusiana na mng'ao ambao babake alikuwa ameuchunguza. Aliweka chumvi za urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, akingoja jua lizichochee. Mwishoni mwa Februari anga ya Paris ikatanda mawingu, naye akaviweka vyote ndani ya saraka. Siku chache baadaye alilisafisha bamba lile, akakuta alama nzito ya chumvi zile ingawa hazikuwa zimeota jua. Urani ilikuwa ikitoa miale yenyewe bila kuchochewa na chochote.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu ya unururifu, iliyompatia Henri Tuzo ya Nobel pamoja na Marie na Pierre Curie. Wadhifa wa fizikia katika Makavazi uliendelea kushikiliwa na ukoo huo hadi kwa Jean, mwana wa Henri, aliyeuacha mwaka wa 1948. Vizazi vinne vilikuwa vimepokezana kiti kimoja kwa miaka 110.

Safari ndefu ya seli za sola

Umeme wa jua haukusonga mbele kwa kasi kama hiyo. Mwaka wa 1876 William Grylls Adams na mwanafunzi wake Richard Evans Day walionyesha nchini Uingereza kwamba seleni, kitu kigumu kisichohitaji maji ya asidi, pia huzaa umeme kikipigwa na mwanga. Mwaka wa 1883 Charles Fritts wa Marekani aliunda seli ya seleni iliyofunikwa na utando mwembamba wa dhahabu. Seli hiyo iligeuza takriban asilimia moja tu ya mwanga kuwa umeme.

Maelezo ya kinadharia yalikuja baadaye, Albert Einstein alipoeleza mwaka wa 1905 kwamba mwanga hutenda kama vifurushi vidogo vya kawi, na kwamba kifurushi cha mwanga wa buluu kina nguvu kuliko cha mwekundu. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini sindano ya Becquerel ilisogea zaidi kwa miale ya buluu.

Mwaka wa 1954 wanasayansi watatu wa maabara za Bell nchini Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson, walizindua seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia sita ya mwanga kuwa umeme. Miaka minne baadaye, seli za aina hiyo ziliruka angani katika setilaiti ya Vanguard 1. Paneli zilizotapakaa duniani leo, ikiwa ni pamoja na zile za kituo cha megawati 50 kilichofunguliwa Garissa mwaka wa 2019, kwa sehemu kubwa ni za ukoo huo wa silikoni.

Ilionekana basi kana kwamba kisanduku cheusi cha Becquerel, pamoja na maji yake ya asidi na chumvi zake za fedha, kimebaki kuwa kumbukumbu tu. Lakini silikoni ina gharama yake. Kuisafisha kunahitaji tanuri zenye joto kali mno. Kwa sababu hiyo, watafiti walirejea katika njia aliyoianza kijana yule. Mwaka wa 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, nchini Uswisi, walichapisha matokeo ya seli yenye rangi inayofyonza mwanga na majimaji yanayopitisha umeme. Kimuundo, seli hiyo ilikuwa karibu zaidi na kisanduku cha mwaka wa 1839 kuliko na paneli ya silikoni.

Mwaka wa 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka nchini Japani liliiondoa rangi hiyo na kuweka mahali pake fuwele za aina ya perovskaiti, zenye risasi pamoja na bromidi au iodidi. Kwa sadfa ya ajabu, madini ya kwanza ya perovskaiti yalitambuliwa katika milima ya Ural nchini Urusi mwaka wa 1839, mwaka uleule wa jaribio la Becquerel. Seli za kwanza za Miyasaka ziligeuza chini ya asilimia nne ya mwanga. Katika muda wa miaka 15 seli za aina hiyo zimevuka asilimia 26 maabarani, na zikilazwa juu ya silikoni zimepita asilimia 33. Zaidi ya hayo, huweza kutengenezwa kwa kupaka majimaji juu ya kioo, bila tanuri kali.

Kwa nini basi hazijatapakaa mabatini? Jibu angelitambua Becquerel. Fuwele hizo hudhoofishwa na unyevu, joto na mwanga. Seli za mwanzo zilizotumia majimaji zilikufa baada ya muda mfupi mno, kwani majimaji yenyewe yaliyeyusha fuwele. Kazi kubwa ya maabara za leo ni kutafuta jinsi ya kuzifanya zidumu kwa miongo miwili au zaidi kama zinavyodumu za silikoni, na kuhakikisha kwamba risasi iliyomo haivujii ardhini.

Ili kujua kama fuwele ni nzuri au mbovu, mojawapo ya vipimo wanavyotumia watafiti ni kuipiga kwa mwanga, kuuzima, kisha kupima mng'ao wake unachukua muda gani kufifia. Mng'ao wa kudumu mara nyingi huashiria fuwele yenye kasoro chache. Leo kazi hiyo hufanywa kwa leza, na vipimo ni vya sehemu ya bilioni ya sekunde. Lakini wazo ni lilelile la visahani viwili vyenye matundu.

Mwaka wa 1989, miaka 150 tangu jaribio la kisanduku cheusi, Tume ya Ulaya ilianzisha Tuzo ya Becquerel kwa watafiti waliochangia pakubwa katika umeme wa jua. Hiyo ni heshima ya Edmond, si ya babake wala mwanawe. Na mjini Chalon-sur-Saône, katika jumba la makumbusho la upigaji picha lenye jina la Nicéphore Niépce, ingalipo picha yake ya rangi za mwanga wa jua ya mwaka wa 1848. Imedumu kwa sababu imelindwa dhidi ya mwanga.